Mbuzi Tatu kwa Shamba ya Evariste

Unisikilize vizuri, maana hii habari ikinipanda mu kichwa, mutu hawezi kunituliza. Miye ni Léontine, mama wa watoto ine. Tulikimbia vita ya Djugu, tukakuja kukaa huku pembeni ya Bunia, mu kambi ya wakimbizi. Kisha tukatoka kambini, nikakodi shamba ya papa Evariste. Ilikuwa majani na majiwe tu. Bei ilikuwa mbuzi moja kwa mwaka, na hata vile watu walikuwa wanaikataa.

Miaka mbili nilibeba mbolea ya ngombe ku kichwa, kutoka kwa wafugaji. Watu wakanicheka: "Mama, ile harufu yako, e!" Mwaka huu nikavuna mifuko kumi na mbili ya mahindi. Na miye, kwa furaha, nikafanya ujinga: nikayaanika pembeni ya barabara, kila mutu ayaone.

Kesho yake Evariste akafika. Hata salamu hakumaliza. "Shamba inazaa, mama. Tangu sasa ni mbuzi tatu. Ukishindwa uiache, kuko wengine."

Mbuzi tatu! Nizitoe wapi? Nirudie kambini, watoto wangojee kugawiwa unga? Roho iliniuma sana, lakini kasirani ikashinda machozi.

"Papa, twende ku shamba, sasa hivi."

Nikamupeleka kule chini, ku kipande chenye mbolea haikufika. Nilipanda mbegu ile ile, siku ile ile. Nikakata muhindi moja, nikamupa. Ilikuwa na mbegu sita, saba hivi.

"Hii ndiyo shamba yako, papa. Ile ingine ni shingo yangu."

Akaigeuza, akaigeuza tena. Akacheka kidogo, cheko ya mutu ameshikwa. "Nikikufukuza, mwingine atakula mbolea yako, kisha udongo itachoka tena," akasema. Tukapatana: mbuzi moja kwa mwaka, kwa miaka tano, na miye nitie mbolea kule chini pia.

Sasa ujue: huku kwetu mukodi hapandi ndizi. Mahindi, maharagi, sawa. Lakini ndizi inakaa miaka mingi, na mwenye kuipanda ni kama anasema hatoki. Wenye mashamba wanakataza kabisa.

Juma moja kisha, Evariste akafika na miche mbili ya ndizi ku bega.

"Panda, mama. Watoto watakula."

Nikalia mbele yake bila haya, nikichimba mashimo.