Ukuta wa Chumba cha Chini

Mkaguzi aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasogea kidogo, akagonga tena. Aligonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mwenye nyumba, mzee mgane, alisimama mlangoni mikono ameifunga nyuma, nami nikaona haya. Mtu amecheka na kulia ndani ya kuta hizi, leo sisi tumekuja kuzipekua kama mizigo ya forodhani.

“Bibi, kaa basi,” mjukuu wangu alininong’oneza. “Magoti.”

“Magoti hayana neno, mke mwenzangu. Ni macho ndiyo hayajui yatazame wapi.”

Mnunuzi ni huyu mjukuu wangu. Aliipenda nyumba kwa sababu ya chumba hiki cha chini, kisicho na ngazi, chenye dirisha la bustani. Hakusema kuwa ni changu. Siku ya kwanza alipima tu kwa macho pale kitanda kingekaa, akamwuliza mzee kama jua la asubuhi hufika. Mambo kama hayo huwa hayanipiti.

Awali hakuona haja ya ukaguzi. Mthamini wa benki alikwisha kuja, akazunguka, akaondoka kabla chai haijapoa, nasi tukadhani yamekwisha. Mkaguzi ndiye aliyemfumbua macho kwa simu.

“Yule alitumwa na benki, dada. Alitazama kama nyumba inafaa kuwa dhamana. Hakuulizwa kama mtalala pakavu.”

Akamweleza kuwa upo ukaguzi wa juu juu, unaozitosha nyumba changa, na upo wa kina, na kwa nyumba ya umri huu hata ndugu yake wa tumbo moja asingemwachia ule wa kwanza. Mjukuu wangu akachagua wa kina, ingawa alijua kuna mnunuzi mwingine anayekuja Jumamosi, ambaye hakutaka ukaguzi wowote. Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Mkaguzi alichuchumaa chini ya dirisha, akakibandika kipima unyevu ukutani, akakitazama kwa muda.

“Mzee wangu, rangi hii ni mbichi?”

“Nimepaka juzi.” Uso wa mzee ukachangamka. “Wageni wanakuja, nikasema nyumba nayo ioge.”

Mkaguzi hakucheka wala hakukunja uso. “Imependeza. Ila imenifunga macho. Kipimo kinasema kuna maji, hakisemi kama ni ya rangi au ya ukuta. Nikiandika ukuta ni mzima, nitakuwa nimebahatisha. Nikiandika ni mbovu, nitakuwa nimekuonea.”

“Kwa hiyo?” mjukuu wangu aliuliza.

“Tusubiri ikauke, au nikwangue kidogo. Lakini nyumba bado si yako. Ruhusa ni ya mzee.”

Mjukuu wangu alitazama sakafu. Anapokuwa na jambo zito hung’ata ndani ya shavu, tangu utotoni. “Labda tuache tu,” akasema. “Nisije nikaikosa.”

“Waweza. Nami nitaandika kuwa sehemu hii sikuiona. Ila utakapoisoma ripoti, usije ukasoma hapo kwamba hakuna tatizo. Pasome kama mlango uliofungwa.”

Mzee aliondoka. Nikadhani tumemuudhi. Akarudi na kikwanguo, kingali na rangi pembeni.

“Wapi?”

“Nipe mimi, mzee.”

“Nimepaka mwenyewe.”

Akakwangua. Chini ya rangi plasta ilikuwa nyeusi, ikimong’onyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, tangu sakafuni mpaka usawa wa goti. Juu ya hapo ilikuwa kavu. Mkaguzi alipaangalia, akatoka nje kwa haraka, nasi tukamfuata.

Chini ya dirisha palikuwa na tuta la maua, limeinuka na kuegemea ukuta hadi usawa wa goti. Mkaguzi aliingiza mkono kati ya udongo na ukuta.

“Kwenye msingi kuna tabaka linalozuia maji yasipande. Udongo huu umelipita. Kila unapomwagilia maua, mzee wangu, unaumwagilia na ukuta.”

Mzee aliyagusa maua. “Ni ya marehemu mke wangu. Alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, alikuwa hayaoni. Nikawa nayaongezea udongo, yapande mpaka machoni pake.”

Mkaguzi aliufuta mkono wake kwa leso, akausafisha mpaka kwenye kucha, ndipo akamshika mzee bega. Haya niliyokuwa nayo tangu asubuhi sikuiona tena ilikokwenda.

“Ukuta utapona?” mjukuu wangu aliuliza kwa sauti ya chini.

“Udongo ukishushwa, ukaachwa ukauke vizuri, kisha plasta mpya. Kabla ya hapo Bibi asilale humo. Kifua chake hakitastahimili.”

Mjukuu wangu alinitazama, akamgeukia mzee. “Mzee, chumba bado nakitaka. Lakini nitaisubiri ripoti, niisome ukurasa kwa ukurasa, ndipo nikujibu.”

“Na Jumamosi?”

“Ikipita, imepita.”

Mzee aliitikia kwa kichwa. “Yule mwingine hata chumba hiki hakuingia,” alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Kisha akapiga magoti, akachimba kwa vidole kuzunguka shina la kwanza, akaling’oa na udongo wake, akabaki amelishika, hajui pa kuliweka. Nikanyoosha mikono. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na pale lilipotoka ukuta ulianza kuonekana, umelowa, ukipigwa na jua.