Maji ya Tangi Sebuleni

Harufu ilimpokea Yocasta mlangoni, harufu ya chaza aliyeoza pamoja na soksi mbichi. Mumewe, Waskar, alikuwa amepiga magoti sebuleni akinyonya mpira kwa mdomo ili maji machafu ya tangi la samaki yashuke kwenye ndoo. Akatema. Ute wa kijani ukabaki unaning'inia kidevuni.

"Mdomo huo leo usiniletee," Yocasta akamwambia.

"Maji ya ufukwe wa Boca Chica haya, mpenzi. Watu wanasafiri kuja kuyaogelea."

"Wanaogelea. Hawanywi mavi ya samaki."

Kilichomchefua zaidi kilikuwa nyuma ya tangi. Soketi ya matundu mengi ililala sakafuni, imeota chumvi nyeupe kama ukoko wa kidonda, na plagi za pampu, taa na televisheni zimebanana juu yake. Plagi ya pampu ilikuja na miguu mitatu. Ule wa ardhi, wa kupeleka chini umeme ukivuja, Waskar aliukata kwa koleo, kama wanavyokata karibu wote hapo mtaani Los Mina, kwa sababu soketi za ukutani zina matundu mawili.

"Pandisha hicho kitu ukutani. Yulisa anatembea peku."

"Jumamosi, mama Yulisa."

Jumamosi alikwenda kucheza domino.

Jumatatu mchana umeme ukakatika. Waskar alikuwa kazini, Yocasta jikoni anamenya ndizi. Pampu iliponyamaza, maji ya tangi yakaanza kurudi kwa bomba lile lile lililokuwa likiyapandisha, yakajaza sanduku la chini ya tangi ilimokaa pampu, yakamwagika sakafuni. Bomba hilo lina kitundu karibu na uso wa maji, cha kuvuta hewa ili maji yasirudi. Konokono alikuwa amejibanza humo akafia humo, na hakuna aliyekisafisha.

Yocasta alipotoka jikoni, unyayo wake uliteleza kwenye kitu laini chenye uvuguvugu. Yulisa, mtoto wao wa miaka sita, alikuwa amechuchumaa katikati ya maji anamchezea kamba aliyekufa.

Hapo zikasikika kelele za mtaa wa juu: umeme umerudi. Wao hutangulia kuupata, na huku hufika kabla hujameza mate. Yulisa akainuka mbio kwenda kuwasha televisheni, kama kawaida yake.

Yocasta hakumkimbilia. Swichi kuu ilikuwa hapo kando ya mlango wa jikoni. Akaishusha.

Redio za majirani zikaanza kuimba. Nyumbani kwa Yocasta kimya.

"Mami, mbona wenzetu wanao?"

"Usiguse kitu. Toka humo majini, njoo kwangu."

Waskar aliporudi aliuliza kwanza nani kazima, samaki wanakosa hewa.

"Samaki," Yocasta akasema. Akamvuta mpaka nyuma ya tangi. Soketi ilikuwa imezama, mende wawili waliovimba wanaelea juu yake. "Mwanao alisimama hapa."

Waskar akakuna shingo. "Lakini kila mtu anakata ule mguu."

"Swichi haipandi mpaka fundi aje. Aweke soketi za matundu matatu zenye waya wa ardhi wa kweli, na ile swichi inayojizima umeme ukivuja. Soketi ikae juu, na waya ushuke chini yake kwanza ndipo upande, tone lidondoke njiani lisifike kwenye soketi. Na kile kitundu utakisafisha wewe, kwa vidole vyako."

"Fundi hawezi kuja kabla ya kesho. Hawa samaki hawafiki kesho."

"Wasifike."

Waskar akatoka kumtafuta fundi bila hata kubadili viatu. Yocasta akaenda kuokoa nyama kwenye friji, akaona heri achomoe na plagi yake kabisa. Miguu ilikuwa miwili. Pale ulipokuwa wa tatu palikuwa na kisiki kilichokwaruzwakwaruzwa. Koleo halikati hivyo. Hiyo ilikuwa kazi ya kisu chake cha kumenyea ndizi. Yocasta aliukata mwenyewe siku friji ilipoletwa, Yulisa akitambaa miguuni pake.

Akaiacha plagi juu ya meza, mahali Waskar ataiona akirudi, akakaa kumngoja.