Anayekunywa Wastani

Jumatatu ya wiki ya pili ya Oktoba, saa nane na robo mchana, Mwalimu Isabela alikuwa barazani kwake akisahihisha madaftari ya hesabu ya Darasa la Tano. Zoezi lilikuwa la sehemu. Alikuwa amefika daftari la kumi na tisa, la mtoto aliyejumlisha nusu na robo akapata mbili ya sita, alipoona mtu anakuja kutoka upande wa barabara ya Newala, begi jeusi begani, na nyuma yake watoto wanne wamefuatana kwa kimo. Mtoto wa tano alikuwa sehemu tatu za kumi za mtoto, na huyo alibebwa mgongoni kwa kanga, maana hakuwa na miguu ya kutosha. Mwenyewe mzazi wao alikuwa mwanamke kwa asilimia hamsini na tatu, iliyobaki mwanamume. Alivaa suruali, juu yake kitenge.

Isabela hakumuuliza yeye ni nani. Alimtambua. Alikuwa amemwandika kwa mkono wake mwenyewe, kipande kwa kipande, katika kaya mia moja tisini na mbili.

Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma, watafiti walipokuja na magari mawili meupe kutoka chuo kimoja cha mbali. Walikuwa wanne: kijana wa kemia ya mazingira, mtu wa kompyuta, Dakta Optatus wa hisabati, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na mama mmoja wa maadili, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeonewa. Walimchukua Isabela awe msaidizi kwa sababu anajua Kimakonde na Kiyao na ana mwandiko wa kusomeka. Akazunguka nao kitongoji kizima cha Nambunju na vitongoji vya jirani, huko nje ya Chiwata, akiuliza watu wana umri gani, wana watoto wangapi, wanasali wapi, wameezeka kwa nini, wanatembea dakika ngapi kwenda kisimani. Kila mtu alitia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Fomu ilisema mshiriki ana haki ya kujua matokeo, na mama wa maadili alikisoma kifungu hicho mara mbili kila nyumba, taratibu, kama anayenywesha mgonjwa uji.

Kisha wakapima visima. Viko sita. Kijana wa kemia alichovya kifaa chake, akasoma namba kwa sauti, Isabela akaandika kwenye kishikwambi cha mradi, na kwa mazoea ya ualimu akaandika tena kwenye daftari lake. Mbili. Moja. Tatu. Mbili. Moja. Cha sita kilikuwa Namkunda, kisima cha nyumba kumi na nne, ikiwemo nyumba ya Isabela. Juu yake kidogo, kwenye mwinuko, kuna mapipa ya dawa za zamani za mikorosho ambayo yalifukiwa na watu wasiojulikana siku hizi ni kina nani. Kijana akasoma: arobaini na tano. Akakipangusa kifaa, akapima tena, ikawa arobaini na tano. Isabela akamuuliza kama hiyo ni nyingi. Kijana akasema yote yataelezwa kwenye mrejesho, ndio utaratibu.

Basi watu wakasubiri mrejesho. Wakati huo mikono ya Upendo, binti wa Isabela, ilikuwa imeanza kutetemeka. Mwanzoni alimwaga chai, baadaye akashindwa kufunga vifungo. Daktari wa Masasi aliuliza maji wanayokunywa yana nini, Isabela akajibu kwamba yamepimwa, wanangoja majibu. Nyumba ya tatu kutoka kwake, mke wa Mzee Faruku alitetemeka mikono, kisha miguu, akazikwa mwezi wa Ramadhani, na baada yake wakazikwa wengine wawili wa Namkunda. Kisima kingine cha karibu kiko mwendo wa saa moja na robo, na Oktoba ukichelewa kufika unakuta tope. Mtu hawezi kuacha maji ya mlangoni kwa namba ambayo hajaambiwa maana yake.

Sasa majibu yalikuwa yamefika, yana miguu miwili na begi.

Mgeni akaegemea nguzo ya baraza, akamwamkia Isabela shikamoo, kwa kuwa Isabela ana miaka arobaini na moja na yeye ana thelathini na moja na miezi minne. Isabela akaitika marahaba, akamkaribisha kigoda. Mgeni akatoa ripoti kwenye begi, akampa kwa mikono miwili. Ripoti ilikuwa na kurasa mia moja na nane. Ukurasa wa sita ulisema kikomo cha usalama ni kumi. Ukurasa wa saba ulisema wastani wa maji ya eneo hili ni tisa, kwa hiyo maji ni salama.

Isabela akaingia ndani, akatoka na lile daftari lake. Akajumlisha kwa kalamu nyekundu: hamsini na nne. Akagawa kwa sita. Tisa. Hesabu ilikuwa sahihi, hata yeye angeitia vema. Hapo ndipo hasira ilipomwingia, na haijatoka mpaka leo. Miaka miwili! Miaka miwili alikuwa na arobaini na tano ndani ya kabati, chini ya vitambaa vya meza, ameiandika kwa mwandiko mzuri, na kila asubuhi anamchotea mtoto maji Namkunda.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Wastani, maana ndivyo watu walivyomwita, alipewa jembe, akalima masaa manne na dakika kumi na mbili, akaacha katikati ya tuta. Nyumba yake aliijenga kwa siku moja mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu, kwenye korongo la mawe katikati ya vitongoji vyote. Theluthi ya paa ilikuwa bati, theluthi mbili nyasi. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa mpaka padri alipomaliza mahubiri, akatoka. Ijumaa alikwenda msikitini, akawahi rakaa ya mwisho. Hakuna aliyemsengenya kwa hilo, kila upande uliona umepata haki yake. Mzee Faruku peke yake alilalamika kidogo, kwamba anaamkiwa vizuri lakini haoni anaamkiwa na nani.

Na maji? Kila asubuhi Wastani alizunguka visima vyote sita kwa mwendo wa dakika ishirini na tisa tu, akachota kikombe kimoja kila kisima, akavimimina kwenye mtungi mmoja. Alikunywa maji hayo yeye na watoto wake wanne, na kile kipande. Hawakuumwa hata tumbo.

Isabela alimweleza mtendaji wa kijiji, mtendaji akaandika barua, na kwa kweli hawakuchelewa. Wakaja mabwana wawili wa afya na bibi mmoja wa maji. Isabela aliwasubiri Namkunda tangu saa mbili, amesimama na Upendo, na Mzee Faruku ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wageni hawakufika Namkunda. Mwongozo wao ulisema waanze na kaya inayowakilisha eneo, na kaya hiyo ilijulikana ni ipi. Wakampima Wastani mapigo, wakamwambia anyooshe mikono mbele. Mikono ilikuwa imetulia tuli. Wakaandika, wakanywa maji yake, wakamshukuru, wakaondoka kabla ya adhuhuri.

Upendo akamuuliza mama yake kama wale watu watarudi. Isabela akasema hajui. Wakajaza ndoo, wakaenda nyumbani, maana maharage yalikuwa jikoni tangu asubuhi.

Mwezi Novemba ukaitishwa mkutano wa mrejesho Newala, kwa sababu mradi ulihusu wilaya zote mbili, Masasi na Newala. Isabela aliomba ruhusa shuleni, akapanda pikipiki mpaka mjini, amevaa gauni la Pasaka, daftari kwenye mkoba. Mjini Newala watu walikuwa wamepanga madumu ya njano tangu sokoni mpaka karibu na ofisi, wakingoja maji ambayo hayakuwa yametangazwa yatakuja siku gani. Ndani ya ukumbi kila kiti kilikuwa na chupa mbili za maji ya dukani.

Dakta Optatus alieleza kwa ustadi. Alionyesha mchoro wa rangi ya kijani, akasema kompyuta imezichakata namba elfu kumi na moja kwa muda wa kuvuta pumzi. Akasema matokeo yamepokelewa vizuri hata nje ya nchi. Alikuwa mtu mpole, Mungu anajua, tena alimkumbuka Isabela kwa jina na akamshukuru mbele ya watu kwa takwimu safi. Isabela akanyoosha mkono.

"Dakta, shikamoo. Kisima chenye tisa ni kipi?"

"Marahaba, Mwalimu. Tisa si kisima. Ni wastani."

"Kwetu kuna kisima chenye arobaini na tano. Nyumba kumi na nne zinakunywa hapo. Tumezika watu watatu."

Mama wa maadili akasimama. Alisema anamheshimu Mwalimu, lakini anamwomba asikitaje kisima hicho hadharani, kwa kuwa nyumba kumi na nne ni chache, watu wataweza kutambulika, na washiriki waliahidiwa siri yao italindwa. Mtu wa kompyuta akaongeza kwamba namba za kisima kimoja kimoja zimekwishafutwa, kama fomu ya ridhaa ilivyoagiza, umebaki wastani peke yake. Kijana wa kemia alikuwa amekaa mwisho wa meza, anachana karatasi ya chupa yake vipande vidogo vidogo.

"Mimi ni mshiriki," Isabela alisema. "Dole gumba la mama yangu liko kwenye fomu zenu. Hiyo siri mnamficha nani, sisi wenyewe? Niambieni jambo moja tu, nirudi nikawaambie watu. Hapa duniani, ni nani anayekunywa wastani?"

Watu wakageuka kutazama safu ya mbele, penye viti vya wageni wa heshima. Wastani aliinua mkono wake, ule usiotetemeka.

"Mimi," alisema.

Dakta Optatus akamshukuru. Mwenyekiti wa mkutano akasema swali limejibiwa, akaomba maswali mengine, na mtu mmoja akauliza cheti cha ushiriki kitatolewa saa ngapi.

Isabela akabaki amesimama. Alimwambia Dakta, bila kupaza sauti, kwamba yeye ni mwalimu wa hesabu kwa miaka kumi na saba, na hajapata kuona mtu anatumia hesabu kuua huku anapigiwa makofi. Dakta akainamisha kichwa kama anayepokea pole. Katibu hakuliandika neno hilo kwenye muhtasari, kwa sababu halikuwa swali wala maoni. Isabela akaziacha zile chupa mbili juu ya kiti, akatoka. Alipofika kwenye foleni ya madumu akarudi ndani, akazichukua zote mbili, akampelekea Upendo.

Mwaka uliofuata ulipatikana mfadhili wa kisima kirefu. Watu wa Nambunju walishangilia, wengine walichinja kuku. Kompyuta ikakokotoa mahali panapofaa, pasiwe mbali na mtu yeyote kuliko mwingine, ikapata uwanja wa Wastani, kule korongoni. Wakachimba wakapita mawe, wakafunga pampu ya mkono iliyopakwa rangi ya bluu, wakaandika jina la mradi. Kutoka Namkunda ni mwendo wa saa moja na dakika arobaini, na njia ya kupandia haimfai mwenye ndoo kichwani. Wastani alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Hakuwa na mpinzani. Watoto wake wanapiga pampu kwa zamu, na siku ya uzinduzi hata kile kipande kilipewa kofia.

Mzee Faruku hakwenda kwenye uzinduzi. Alisema miguu imeanza.

Isabela sasa anaamka saa kumi alfajiri, anatembea saa moja na robo kwenda kile kisima kingine, anarudi na ndoo moja kabla ya kengele ya shule. Ndoo hiyo ni ya kunywa Upendo tu. Maji ya kupikia, kufulia na kuoga yanatoka Namkunda, na anayokunywa Isabela mwenyewe yanatoka Namkunda, maana ndoo ni moja. Bado anaandika barua. Ana nakala ishirini na sita kwenye kabati, chini ya vitambaa vya meza, na majibu tisa, yote yana heshima.

Upendo ameingia Darasa la Tano mwaka huu. Muhula wa pili mtaala unataka wafundishwe wastani, na mwalimu wa hesabu shuleni ni mmoja. Isabela alisimama ubaoni akaandika: Tafuta wastani wa 2, 1, 3, 2, 1, 45. Alifikiri ataeleza jambo. Aliwatazama watoto, kumi na wawili kati yao wa nyumba za Namkunda, vichwa vimeinama kwenye madaftari. Akawaambia waendelee.

Jioni akasahihisha barazani. Wengi walikuwa wamepata. Daftari la Upendo lilikuwa katikati ya rundo, na hesabu yote ilikuwa imepangwa kama alivyofundishwa: jumla hamsini na nne, gawanya kwa sita. Jibu lilijaza mistari mitatu, limepinda na kurudiwa rudiwa, mkia wake umekwenda mpaka ukingo wa karatasi. Lakini ilikuwa tisa.

Isabela aliishika kalamu nyekundu muda mrefu. Kisha akaweka vema, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi, akachukua ndoo akashuka Namkunda kuteka maji ya kupikia.