Ukurasa wa Mwisho Ulikaangwa

Jumatatu alfajiri Mbah Tumirah alifungua tempe ya kwanza, kipande cha soya iliyochachushwa, akaikuta imeandikwa. Soya ilikuwa imeshikana vizuri, ukungu mweupe umekolea, na juu yake mistari kumi na miwili ya maandishi meusi. Aliinusa. Haikuwa imeharibika, kwa hiyo akaifunga tena kwenye jani lake la mgomba. Nyingine zote zilikuwa hivyohivyo.

Yeye hakujua kusoma. Akamwita mjukuu wake Wening, wa miaka kumi na miwili, ambaye mwalimu alikwishamkatia tamaa. Wening alifuata herufi kwa kidole, jasho likimtoka, mpaka akampata Sarpi, msichana anayevuka mto uliofurika, juu ya nyati, kumtafuta mama yake.

"Bibi, hiki ni kile kitabu cha kabatini. Huyo nyati nimemwona kwenye jalada."

"Basi soma upesi, wateja wanakuja."

Kabati lilikuwa ofisini kwa Pak Surat, mkuu wa kijiji. Vitabu mia mbili vya vijana vilikaa nyuma ya kioo na kufuli. Wakaguzi wa maktaba walikuwa njiani, naye hakutaka waone alama ya kidole hata moja.

Hadithi ikawa inatoka ukurasa mmoja kila jani, na wanakijiji wakaila bila mpangilio. Wening alikosa raha kabisa. Kila siku alizunguka milango ya watu na wenzake sita.

"Mama, ya kwako inaanzaje?"

"Inaanza na kitunguu saumu! Hebu tokeni jikoni kwangu, wambea wakubwa nyie!"

Kufikia Ijumaa aliweza kumaliza ukurasa kabla mafuta hayajachemka.

Ijumaa hiyo wakaguzi walihesabu vitabu kupitia kioo, wakasifu usafi, wakatoa kikombe cha tuzo. Pak Surat akanunua tempe yote kwa ajili ya karamu. Wening alijitolea kubandua majani, na ukurasa wa mwisho akaukuta chini kabisa ya kapu. Sarpi amefika ng'ambo. Mama yake anamtazama, anafungua kinywa, anasema...

"Lete hiyo, wageni wana njaa," mpishi akamnyang'anya, akaikata, akaitia mafutani.

Wening akatoka mpaka kwenye baraza ya ofisi. Mkaguzi mkuu alikuwa anatafuna.

"Shikamoo. Mama yake alisemaje?"

"Tamu," mkaguzi akajibu, akachukua kipande kingine.

Wening akamgeukia mkuu wa kijiji. "Pak, naomba kile kitabu cha nyati."

"Wewe? Jifunze kwanza kusoma, mwanangu."

Pak Surat alipofungua kabati kuweka kikombe, kitabu cha nyati kilianguka kikafunguka. Kurasa zote zilikuwa nyeupe.

"Mnaona zilivyo safi?" aliwaambia wageni. Akakirudisha, akafunga, akaongeza kufuli la pili.

Wening alikimbia nyumbani kumwambia bibi yake aongeze soya. Vilibaki vitabu mia moja tisini na tisa. Alichosema mama yake Sarpi, hajakijua mpaka leo.