Mvua Haiwashwi kwa Swichi

Usiku wa jana niliota maji yamelala kitandani kwangu. Yalikuwa upande wangu, ule wa ukutani, yamejifunika shuka mpaka kidevuni, na kichwa yamekilaza kwenye mto bila kuulowesha. Upande wa mke wangu Mwajabu ulikuwa mtupu.

"Samahani," nikasema, "hapo nalala mimi."

"Kalale kwingine," maji yakajibu. "Si wewe unayewaambia majirani kwamba maji ya bomba lazima yapumzike usiku mzima kabla hayajamwagwa kwa chura? Basi ndiyo hivyo. Napumzika."

Lilikuwa neno langu, sikuweza kulikana.

Hapa nieleze kidogo, maana mtu anaweza kudhani natoa mambo hewani. Mimi nimetembea sana katika maisha yangu. Nimekata mkonge, nimepasua mbao, nimesukuma mikokoteni katika miji ambayo leo sikumbuki hata majina ya mitaa yake. Sasa magoti yamegoma, nimekaa hapa Singida, nchi ya upepo na mawe. Siku moja Mwajabu alinunua mkungu wa ndizi uliotoka Tukuyu, na katikati ya vichane alikuwamo chura mdogo wa kijani, si mkubwa kuliko ncha ya kidole gumba. Alikuwa amesafiri juu ya lori bila kujua anakwenda wapi. Mwajabu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema, "Ndugu yako kaja."

Kwao Tukuyu mvua hainyamazi. Hapa kwetu angekauka upesi. Ndipo nikamjengea msitu. Niliunganisha vioo vya madirisha ya zamani kwa gundi, nikapata sanduku pana kama kitanda cha mtoto, nusu bwawa, nusu nchi kavu. Kwenye nchi kavu nilitandika kokoto chini ili mizizi isioze, nikaweka udongo juu, nikapanda makangaga, na juu ya mawe nikabandika yale majani laini ya kijani yanayotambaa kama zulia. Feni ndogo niliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu ndiyo upepo. Taa inayowaka polepole ndiyo alfajiri. Mvua inatoka kwenye vitundu vya mpira, pampu inawashwa na saa, asubuhi na jioni, haikosi.

Lakini chura hakuimba hata mara moja. Juzi ngozi yake ilianza kupauka, akajikunja kwenye kona, hali hata nzi. Mwajabu akaja na ufagio wake mkononi, akasimama pale kwenye kioo.

"Akifa huyo, Baba Stumai, utaniambia unakwenda Tukuyu kumtafuta mwingine. Nakujua wewe. Uliaga unakwenda kununua misumari, ukarudi Stumai kaota meno."

"Chura hafi," nikamwambia.

"Haya. Tutaona."

Nililala na neno hilo kichwani. Chura hafi. Basi nikiwa ndotoni, nikayatikisa maji begani.

"Mtapumzika mpaka lini? Mwenzenu anakauka."

"Mpaka dawa ya bombani itoke."

Dawa ikatoka. Ilikuwa mtu mwembamba mwenye koti jeupe na begi dogo, ananuka zahanati. Akachomoza chini ya shuka, akavaa kofia, akanipa mkono. "Usidhani nimefukuzwa," akasema. "Naondoka mwenyewe." Akapitia dirishani.

Maji yakaamka, yakajinyoosha, yakatandika kitanda vizuri kuliko ninavyotandika mimi, yakanifuata sebuleni.

Sanduku la kioo lina mlango. Nashangaa kidogo, maana sikuuweka mimi, lakini una bawaba na komeo kama mlango wowote. Nabisha hodi, naingia. Chini ya udongo naziona kokoto zimejipanga, zimebeba msitu mzima vichwani kama wachukuzi wa sokoni.

"Poleni na kazi," nasema.

"Tumeshazoea," kokoto zinajibu. "Ila mwambie huyo kangaga aache kuchezesha miguu. Anatutekenya."

Kangaga likajifanya halikusikia.

Chura alikuwa kwenye kona. Amekuwa mkubwa kama ndama, au mimi ndiye niliyekuwa mdogo, hakuna aliyenieleza. Ngozi yake ilikuwa na nyufa kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi.

"Nimekuletea maji," nikamwambia.

"Nayaona. Shikamoo, maji."

"Marahaba," maji yakaitikia, yakaingia bwawani, yakalala tena.

"Mwenzangu," chura akasema, "mimi sikosi maji. Nakosa mvua."

"Mvua si inanyesha asubuhi na jioni?"

"Ile? Ile ni kuogeshwa. Mvua gani inafika kwa wakati kama mwalimu wa zamu? Mimi siwezi kukiimbia kitu ambacho sikukingoja mpaka nikakata tamaa. Na chura asipoimba, ngozi yake inasahau kazi."

"Na mwenye mvua ni nani hapa?"

Akanionyesha kwa jicho moja. Jingine lilikuwa limekwisha kufumba.

Wingu lilikuwa limekaa kwenye kigoda karibu na feni, linachambua mchele kwenye ungo. Halikuinua uso.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Sema shida."

"Nataka mvua."

"Umeanika nini?"

"Sijaanika kitu."

"Sasa inyeshe ya nini?" Wingu lilitupa chuya pembeni. "Wewe mtu mzima, umezunguka nchi nzima. Umewahi kuona mvua inanyesha pahali ambapo hapajaanikwa kitu? Watu wanakaa na jua mpaka mbuzi wanapiga miayo. Mtu akimwaga tu mpunga wake kwenye jamvi, ngurumo hiyo. Mama akifua mablanketi, hiyo inakuja. Mvua haiwashwi kwa swichi, baba. Mvua inaitwa kwa kuanika."

Nikatafakari, nikaona ni kweli. Nimeyaona kwa macho yangu, Kilosa, Mbinga, kote nilikopita.

"Tena si kuanika tu," wingu likaendelea. "Pawe na mtu wa kupiga kelele. Mwenye kitu akimbie kweli, si kukimbia kwa mchezo. Na achelewe. Akiwahi, mvua inarudi kwao."

Makangaga mawili yakanishikia kamba. Nikavua shati, nikaanika.

"Hilo limechoka," wingu likasema. "Hulihurumii."

Nikaleta shuka.

"Hilo la mkeo. Unaanika cha mwenzio ili kilowe, wewe usiumie? Anika kitu ambacho kikilowa utakosa usingizi."

Kitu hicho nilikijua. Nilijitahidi kutokijua, ikashindikana, kwa sababu nilikuwa nimekivaa.

Nina viatu vya ngozi alivyonishonea fundi mmoja wa Songea, soli ya tairi. Nikiwa macho, siku hizi sivivai. Navipaka mafuta kila Jumamosi, navirudisha uvunguni, na Mwajabu akiniona anageuza uso, maana anajua mtu hapaki mafuta kiatu ambacho hana safari nacho. Ngozi ile ikilowa mara moja, kazi imekwisha.

Nikainama kufungua gidamu.

"Usitutanie," kiatu cha kushoto kikasema. "Sisi tumekubeba mpaka Sumbawanga."

"Najua."

"Na mwisho wa mwezi tulisema tunatoka. Ulituambia pole pole, mkeo asisikie. Tulisema au hatukusema?"

"Tulisema. Panda kamba."

Kiatu cha kulia hakikusema kitu. Hicho siku zote kilikuwa kizito cha kujieleza.

Nikavianika. Wingu likaweka ungo chini, likasimama, likawa jeusi kuanzia miguuni. Feni ikanigeukia. "Nivume kutoka wapi?"

"Tukuyu."

"Iko upande gani?"

"Kusini. Fuata harufu ya ndizi."

Ikavuma. Makangaga yakalala ubavu. Na nje ya kioo nikauona uso wa Mwajabu, mkubwa kama paa la nyumba, amekunja mikono kandokando ya mdomo.

"Baba Stumai, anua. Mvua hiyo. Anua viatu vyako."

Nakimbia. Magoti hayaumi. Peku, juu ya mawe, nakimbia kama kijana aliyesikia lori linaondoka. Miguu inavijua viatu vyake hata gizani. Nafika, navishika.

Matone yalikuwa njiani. Yakasimama hewani, yakatazamana.

"Umewahi," wingu likasema. Matone yakageuka, yakaanza kupanda juu, mengine yananung'unika.

"Nirudie," nikasema.

"Mara moja tu. Mchele wenyewe unakwisha."

"Safari hii nitatembea pole pole."

"Ukijichelewesha nitajua. Hiyo haiwi mvua, inakuwa umande."

Nikavirudisha viatu kambani. Nilipogeuka, sanduku halikuwepo tena. Nilikuwa kwenye mteremko wa Tukuyu, migomba huku, chai kule, na kamba yangu ikawa juu kabisa kilimani, viatu vinaning'inia vidogo kama kunguru wawili. Chini yangu, penye bonde, palikuwa na mwamba ulioinama, na chini ya mwamba alikuwa chura. Alikuwa amejivuta mpaka pale kutafuta kivuli.

Nikaelewa. Hata mvua ikija, pale haitamfikia.

"Toka hapo," nikamwita.

"Siwezi, mwenzangu. Mguu mmoja umekufa ganzi, wa pili unaufuata."

Hapohapo wingu likanguruma, na Mwajabu akaanza kuita kutoka mbinguni. "Anua, baba. Anua. Viatu vinalowa."

Natazama juu. Kutoka pale nilipo, nikikimbia nawahi, nina hakika. Natazama chini. Sikukaa kufikiri, maana mimi sikusoma sana, na kufikiri kwangu huwa miguuni. Miguu ikashuka bondeni.

Nikamvuta kwa mikono ya mbele, nikampandisha mgongoni. Alikuwa mzito kama gunia la chumvi na mkavu kama gome. Nikaanza kupanda kilima mbio.

"Nishushe," akasema sikioni. "Bado utaviwahi."

"Nyamaza, wewe mzito."

"Sijala siku nyingi."

"Ungekuwa umekula ingekuwaje?"

"Anua," Mwajabu anaita. "Baba Stumai, husikii? Anua." Sauti yake inapasuka. Nami nakimbia kweli, sitaki mtu aseme nilijichelewesha. Nilivitaka viatu vyangu. Nilimtaka na chura. Magoti sasa yanauma yote mawili, nayatukana, nayaambia yatapumzika yakifika. Kamba ilikuwa karibu kiasi cha kuweza kuona mshono wa yule fundi, nikanyoosha mkono.

Mvua ikanyesha.

Haikuwa ile ya vitundu. Ilikuja upande, ikakosea njia, ikaanzia shingoni kwangu, ikasimama kama iliyosahau kitu, ikarudi na nduguze wote. Kiatu cha kushoto kilijaa kwanza. Soli ikaachia, ikateremka kilimani ikielea. Cha kulia kikasema, "Haya," nacho kikaachia. Ndilo neno pekee nililowahi kulisikia kwake.

Nilisimama nikiitazama ngozi ile inakunjamana, na iliniuma. Sitasema haikuniuma.

Mgongoni mzigo ukaanza kupungua. Ukawa ndama, ukawa kuku, ukawa embe. Nikapeleka mkono nyuma, akanirukia kiganjani, mdogo kama ncha ya kidole, kijani kibichi, anapumua kwa kidevu chote.

"Imechelewa," akasema, ameridhika kabisa. "Hii ndiyo mvua." Akalijaza koo lake hewa mpaka likawa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Kitanda kilikuwa kikavu, na pampu ya mvua ilikuwa bado haijafika saa yake. Mwajabu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono kooni.

"Una nini?" nikamwuliza.

Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka sauti ndogo ya kukwaruza.

"Sijui. Nimelala mzima, nimeamka sauti imekwenda. Koo linawaka kama la mtu aliyekesha anamwita mwenzie wa mbali."

Kabla sijamjibu, huko sebuleni kitu kikasema. Kikanyamaza, kikasema tena kwa nguvu zaidi, sauti kavu, ya mkupuo, kama mtu anayegonga kijiti kwenye debe. Mwajabu aligeuza shingo kusikiliza. Chura kule hakuonyesha dalili ya kuchoka.

"Huyo kaanza lini?" akanong'ona.

"Mvua iliponyesha."

"Mvua gani? Hapa Singida?"

Nikamwambia asijilazimishe kusema, nikaenda kumchemshia tangawizi.