Vidole Sita Dirishani

Saado aliuona mkono kwanza. Ulikuwa umechorwa kwenye karatasi iliyofungiwa njugu, kiganja kimebanwa kwenye kioo cha dirisha, na ulikuwa na vidole sita. Akazimwaga njugu zote mapajani, akaikunjua karatasi. Nyuma ya kioo palikuwa na uso wa msichana. Nje yake, giza na nyota.

Miaka minane alikuwa akikitafuta kitabu chenye picha hiyo mjini Garissa, ingawa kutafuta kwake kulikuwa kwa mtu mwenye haya: husimama mbele ya wauza vitabu, huvikodolea macho, huondoka kabla hajaulizwa anataka nini. Angesema nini? Jina la kitabu hakulijua. Alijua kina chombo cha chuma kinachoruka kati ya nyota, anga nyekundu yenye miezi miwili, na msichana aliyechorwa na mtu asiyejua kuhesabu vidole.

Kilikuwa chao, yeye na dada yake Rukiyo, walipoishi Tarbaj. Mwalimu Mwikali alikuja nacho kutoka kwao Ukambani pamoja na vingine, lakini kabla hajawasomea, usalama ukaharibika na walimu wote wa kutoka mbali wakaondoka. Darasa la nne likaishia hapo, na masomo ya Saado yakaishia hapo hapo. Kitabu alichowaachia kikabaki nyumbani kwao bila jalada. Kiswahili chake kiliwashinda, lakini picha ziliwatosha. Msichana yuko peke yake dirishani. Kisha dunia inaonekana, ndogo kama punje ya mtama. Kisha inakua. Kisha chombo kinashuka, na mama anamkumbatia mwanawe mlangoni. Picha hiyo ya mlangoni Rukiyo aliigusa mpaka ikafifia. Baadaye mchwa wakakila kitabu chote.

Rukiyo alipofikisha miaka kumi na tisa aliondoka na wasichana wenzake, wakapanda lori alfajiri, nia yao Libya na ng'ambo ya bahari. Jambo la mwisho walilozungumza yeye na Saado lilikuwa kitabu kile. Baada ya miezi minne sauti yake ilikuja kwenye simu, ikasema maji yamewaishia, ikakatika. Tangu siku hiyo, mtu akisema "marehemu" mbele ya mama yao, mama huinuka akatoka nje.

Kwa hiyo Saado alitaka kuiona tena picha ya mlangoni. Kama ipo kama alivyoikumbuka, basi alilomwambia dada yake alfajiri ile halikuwa uongo.

Muuza njugu alimwelekeza kwa Munyao, aliyeuza vitabu vikuukuu nyuma ya soko na kuvichana vilivyokosa mnunuzi. Munyao alimtazama akiwa amesimama na karatasi yake, akamuuliza kama ulimi ameuacha nyumbani.

"Nataka ile kitabu ya hii bicha," Saado akasema kwa sauti ndogo. "Iko na mwezi mbili."

"Miezi miwili? Basi huko mshahara hutoka mara mbili." Munyao akacheka peke yake. "Ngoja, dada yangu."

Akapekua gunia la vitabu vilivyotupwa na shule, akatoa kimoja ambacho hakijachanwa. Jalada tu ndilo lililokosekana. Saado akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua. Msichana dirishani. Miezi miwili. Miezi miwili. Mama mlangoni. Akahema kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mbona unaanzia mwisho?" Munyao akauliza.

Hakumwelewa. Munyao akakigeuza kitabu, akamwekea kidole kwenye nambari za kurasa, moja, mbili, tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mama mlangoni.

Saado na Rukiyo walikuwa wameingia duksi, chuo cha Kurani, miaka mitatu kabla ya kuiona shule. Mikono yao ilijua njia moja tu ya kufungua msahafu, kutoka kulia, na shuleni, walikosomea ubaoni tu, hakuna mtu aliyewaambia kwamba kuna vitabu vinavyokwenda njia nyingine. Sasa alisoma akifuata maneno kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Mama alimkumbatia mwanawe akamuaga. Chombo kikapaa. Dunia ikawa ndogo. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya dirisha, paliandikwa: *Akaitafuta dunia, asiione tena.*

Munyao aliona uso wake, akaacha utani. Alimwambia ni hadithi ya watoto tu, akichukue, hataki kitu.

Alifika nyumbani alasiri. Mama yake alikuwa ameketi kivulini akifukiza vyombo vya maziwa, na moshi ulimzunguka kichwani. Akauliza ni nini hicho. Saado akasema kitabu. Mama akapangusa mikono kwa guntiino aliyojifunga, akakipokea, akakifungua kutoka kulia.

Akageuza kurasa polepole. Kwenye dirisha akaguna. Kwenye miezi miwili akasema astaghfirullah. Alipofika mlangoni akatabasamu tabasamu ambalo Saado hakuwa ameliona kwa miaka minane.

"Ona," mama akasema. "Huyu amerudi kwao. Alikwenda mbali kuliko Libya, na amerudi. Wale wasichana waliomshawishi Rukiyo, Mungu atawauliza. Lakini huyu wangu pia atarudi."

Saado angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikujua vizuri kuliko kitu chochote. Moshi ulikuwa ukimwingia machoni, na mama alikuwa bado ameshika ile picha.

"Hooyo, mama yangu, hawakumshawishi wao," akasema. "Alfajiri ile Rukiyo alilia. Alishuka kwenye lori, akaniambia anaogopa, anataka kubaki. Mimi ndiye niliyemwambia apande tena, kwamba hata huyu wa kitabuni alirudi."