Uji wa Kola na Miti Saba

Mimi sijawahi kutafuna miraa. Nalisema hilo kwanza ili tuelewane. Nimezaliwa Muthara, nimeolewa Muthara, nimeishi nyumba moja na miraa miaka thelathini na minane, na mdomoni mwangu halijaingia hata jani moja. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kwa hivyo siku muuguzi aliponitazama usoni, mbele ya foleni nzima, akaniuliza, "Mama, leo umetafuna ngapi?" nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini wacha nianze na macho ya Baba Kinya, mume wangu, maana yote yalianzia hapo.

Mume wangu Kailemia alikuwa anapofuka. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kufikia Krismasi alikuwa anamsalimia ng'ombe akidhani ni jirani, na jirani mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mwezi wa kwanza nikampeleka hospitali Meru. Wakasema matibabu yapo: madaktari wa macho wanakuja mwezi wa tatu kupasua, wiki moja tu, na wakiondoka hawarudi mpaka mwaka ujao. Shida ilikuwa presha. Ilikuwa mia moja tisini na kitu.

"Mzee," daktari akamwambia, "kwa presha hii hakuna mtu atakugusa jicho. Meza hizi dawa, na miraa uache. Sisemi upunguze. Uache."

Sasa, Kailemia ana mbaine saba. Mbaine ni ile miraa mikongwe, miti iliyopandwa na babu wa babu yake, mashina ambayo mtu mmoja hawezi kuyakumbatia. Alikuwa anatafuna tangu kabla sijamjua. Nilijua hataacha, na nilinyamaza tu kwa sababu tulikuwa mbele ya watu. Tulipofika nyumbani akaning'iniza koti lake ukutani akasema, "Nimeacha." Hivyo tu.

Na aliacha kweli. Ai, jameni, afadhali asingeacha! Alilala kama gunia la viazi. Asubuhi amelala, mchana amelala, chakula hataki, ukimwongelesha anajibu kama mtu aliye kisimani. Nikaogopa atakufa kabla hajaona.

Ndipo nikakumbuka zile kokwa za Kinya.

Kinya ni kifungua mimba wetu, anafundisha Ghana. Krismasi alikuja na mfuko mzima wa kokwa zinaitwa kola, nyekundu nyekundu, kila moja ukubwa wa kidole gumba, ukiikata inagawanyika vipande. Alisema zinatoka kwenye msitu wa mvua wa huko. Mgeni akiingia nyumbani anakatiwa kipande. Wazee wanatafuna, madereva wanatafuna, wakulima wanatafuna wakienda shamba kwa sababu inaondoa njaa na uchovu. Tumbo likikataa kusaga chakula, kola. Kichwa kikiuma, kola. Mimi nilionja, ikawa chungu mpaka machozi, lakini nikanywa maji na maji yakawa matamu kama yametiwa sukari. Kinya alisema kitu kingine pia, kuhusu kula kidogo kidogo, lakini wakati huo nilikuwa nachinja kuku na sikumsikiliza vizuri.

Basi nikazianika juani, nikazitwanga kwenye kinu, nikachanganya na unga wa wimbi. Uji wa asubuhi kijiko kimoja, uji wa jioni kijiko kimoja.

"Uji huu ni mchungu, Mama Kinya," alisema.

"Dawa ya Kinya hiyo, ya nguvu. Kunywa."

Akanywa. Kailemia hajawahi kukataa kikombe kutoka mkononi mwangu.

Siku ya tatu aliamka, akauliza jembe liko wapi. Siku ya tano alipalilia maharagwe kwa kupapasa, akang'oa na maharagwe yenyewe, lakini nilimwachia tu, nilikuwa na furaha kupita kiasi. Kanisani nikasimama nikatoa ushuhuda kuhusu zile kokwa, na akina mama wawili wakaniomba niwapimie. Bahati nzuri nilikuwa mchoyo.

Halafu akaanza kuongea.

Nimeishi na watafunaji, najua maneno yao. Mtu anakaa kimya saa nzima halafu handasi, ule ulevi wa miraa, ikimshika anakupangia dunia yote: hapa tutachimba bwawa, pale tutafuga samaki, nitamwandikia gavana barua. Kailemia alinipangia bwawa. Alinipangia samaki. Usingizi ukamtoka kabisa, jogoo akiwika anamkuta ameketi kitandani anasubiri mtu wa kumweleza. Nikajiambia, huyu ameanza tena. Nikamtazama hivi na vile, sikuona jani.

Mwisho wa mwezi wa pili tukapima presha kwenye zahanati. Mia moja themanini na tano, na dawa anameza nikimwangalia!

Tulipofika nyumbani nilimpekua kama polisi. Mifuko, soksi, chini ya godoro. Nikamwambia afungue mdomo, nikammulika mashavu kwa tochi. Hakuna kitu. Meno safi, hata yale mabaki ya kijani kwenye fizi yalikuwa yamekwisha.

"Cicily," akasema, mdomo wazi bado, "sijatafuna."

"Presha inapandishwa na nani, mimi?"

"Sijui. Lakini sijatafuna."

Nilichanganyikiwa, haki ya Mungu. Mwili ulikuwa unasema anatafuna na mdomo unasema hatafuni, na mimi niko katikati sina wa kuniamulia. Kwetu Muthara kitu cha kumkeshesha mtu kina majani, kinafungwa kwa majani ya ndizi, tunakijua kwa jina na kwa mti. Kokwa ni chakula. Nani angefikiria kokwa? Nikasema hamu ya miraa imemzidi, anahitaji nguvu zaidi ya kupigana nayo. Nikaongeza uji, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni.

Akazidi kuongea. Sasa bwawa lilikuwa na mashua.

Nikawaza tena: anaipata wapi, na haoni hata mlango? Hanunui. Hatumi mtu, ningejua. Zilibaki zile mbaine saba kule chini ya shamba, ambazo anazijua kwa mkono, angeweza kuzifikia akipapasa ua. Basi wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu, alipopelekwa Githongo kwa dada yake Kathure kwa siku mbili, nikamwita Marete, mdogo wake, aje na msumeno wa mashine.

Marete aliniuliza mara mbili. "Shemeji, mbaine? Unataka nikate mbaine?"

"Kata."

"Useme ni neno lako."

"Ni neno langu. Kata kabla sijazikata mwenyewe."

Akakata zote saba, huku amekunja uso kama mtu anayechimba kaburi. Kailemia aliporudi hakujua, maana macho yake hayakuvuka kizingiti. Nami sikumwambia. Nilikuwa na haki, niliona hivyo. Nilikuwa naokoa macho ya mtu ambaye hataki kujiokoa.

Jumatatu ya madaktari ikafika. Asubuhi nilimpa uji wake, na sufuria ikabaki na vikombe vizima viwili. Sipendi kitu kiharibike, na sikuwa nimepika kingine. Nikavinywa vyote.

Kwenye foleni pale Meru nikaanza kusikia vibaya. Moyo ulikuwa unagonga, mikono inatetemeka, na nilikuwa nimemweleza mama wa mbele yangu habari za maisha yangu yote mpaka akageuka akaangalia upande mwingine. Nikadhani ni wasiwasi.

Aliyekuwa anapima ni muuguzi kijana kutoka Embu, Mukami jina lake. Akamfunga Kailemia kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatikisa kichwa. Mia moja tisini na mbili.

"Mwambie!" Nilisimama. "Mwambie muuguzi unaitoa wapi! Miti nime…" Nikajiuma ulimi hapo hapo. "Mwambie unaipata wapi!"

"Sijatafuna," Kailemia akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusema.

"Mama, keti," Mukami akaniambia. "Keti nikupime na wewe, kabla hujaanguka."

Mimi presha yangu ni ya msichana, mia moja na ishirini kila mwaka. Mukami akaangalia mashine, akapima mara ya pili. Mia moja sabini na nne. Ndipo akanitazama usoni, akauliza lile swali.

Foleni nzima ikageuka. Na Kailemia akageuza yale macho yake meupe upande wangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Cicily, na wewe?"

Nilianza kulia kwa hasira. Mukami akatupeleka pembeni, akauliza tumekula nini sisi wote wawili tangu tuamke. Nikamwambia ni uji peke yake, uji wa wimbi na kola. Akauliza kola gani. Nikatoa kokwa moja kwenye mkoba, maana nilikuwa natembea nayo nikionyesha watu. Akainusa, hakuijua, akaniomba tumpigie Kinya simu.

"Mami, unampa baba ngapi?" Kinya akauliza.

"Vijiko vinne kwa siku."

"Mami! Si nilikwambia kipande tu! Huko watu wanatafuna ndiyo wasilale!"

Mukami akazungumza naye kidogo, kisha akanirudishia simu. "Mama, ile dawa iliyo kwenye kahawa ndiyo iliyo humu, na humu ni nyingi," akasema. "Inafaa kwa mengine, lakini si kwa mtu wa presha. Umekuwa ukimnywesha mzee kahawa nzito asubuhi na jioni."

Kahawa! Kahawa ni ya watu wa Githongo, sisi hata hatuinywi. Nilibaki nimeshika simu, sijui niombe msamaha kwa nani kwanza. Halafu nikakumbuka miti.

Mukami akatupa nafasi ya Ijumaa, siku ya mwisho. Tusinywe ule uji tena, ameze dawa, apumzike. Ikishuka watampasua, isiposhuka ni mwaka ujao.

Mnadhani Kailemia alinigombeza? Afadhali angenigombeza. Alifurahi! Alikuwa na furaha ya mtu aliyetolewa jela. Kila aliyepita njiani alimwita. "Umesikia? Sikutafuna! Ilikuwa ni uji wa Mama Kinya!" Kisha anacheka mpaka anakohoa. Jumatano akaniambia, "Unajua nikifunguliwa jicho nataka kuona nini kwanza? Wewe, halafu mbaine zangu. Sitazigusa. Nitakaa chini yake tu, niziangalie."

Ningemwambia saa hiyo. Lakini ningemwambia, presha ingefika wapi? Jicho lake lilikuwa linategemea mimi ninyamaze, na kila nilivyonyamaza nilizidi kuwa mwongo. Nikampa uji mtupu, nikanyamaza. Sijawahi kujichukia namna ile.

Ijumaa ilikuwa mia moja arobaini na sita. Wakampasua jicho la kulia. Jumamosi wakatoa bandeji, akapepesa, akanitazama muda mrefu.

"Cicily," akasema, "umezeeka."

Nikampiga bega, nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Wauguzi nao wakacheka.

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alishuka shamba peke yake, akitembea haraka kama kijana, akitaja kila kitu anachokiona: huu mgomba, hili ua, lile jiwe. Nikamfuata. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Ningesema ni Marete, na ni kweli mkono ulikuwa wa Marete. Ningesema ni wadudu.

Akasimama. Visiki saba, vimeanza kukauka juu, na pembeni ya kimoja machipukizi madogo mekundu, urefu wa kidole.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

Akaenda kisiki kimoja kimoja, akaweka kiganja juu ya kila kimoja. Hakuniangalia. Alipomaliza cha saba alisema, "Nilikwambia sijatafuna."

"Uliniambia," nikasema. "Uliniambia kila mara."

Tukapanda kurudi nyumbani, yeye mbele. Nikapika uji wa wimbi, wimbi na maji peke yake, nikaumimina kwenye kikombe chake cha bluu, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili kama siku zote. Halafu akakiinua karibu na lile jicho jipya, akakielekeza mlangoni penye mwanga, akakichungulia mpaka chini, polepole, kabla ya kunywa.